Pikipiki kubwa ya safari ikiishi pwani: matengenezo na maboresho ya kufanya nyumbani Mombasa

Vitabu vya pikipiki hupanga matengenezo kwa kilomita, lakini chumvi ya pwani haingoji kilomita. Pikipiki kama Yamaha FJR1300 ikiegeshwa Nyali miezi sita bila kufika hata Mtwapa, mita haisogei, ila pistoni za breki zinaanza kuwa nzito, pini za soketi za waya zinaota kijani, na boliti zilizokazwa kwenye alumini zinatoa unga mweupe. Kwa hiyo muda unaotajwa hapa ni wa kalenda kwanza, kilomita baadaye. Na pesa za maboresho zianzie kwenye breki na umeme, si kwenye ekzosi.

Tunazungumzia mashine nzito za mbio na safari: Yamaha FJR1300 na Honda ST1300 zenye shafti, Honda VFR800 na Yamaha Tracer 900 zenye cheni. Vipimo vingi hapa ni vya FJR1300. Kama yako ni nyingine, kazi ni ileile ila namba zitoe kwenye kitabu chake.

Maji ya kuoshea

Nyumba nyingi za kisiwani na Nyali hutegemea visima, na maji ya visima vingi yana chumvi. Ukiosha pikipiki kwa maji hayo kisha ukaiacha ikauke juani, umeipaka chumvi upya. Kupima ni rahisi: dondosha matone mawili kwenye kioo cha pembeni, yaache yakauke. Yakiacha duara nene jeupe, maji hayo yatumie kutoa tope tu. Suuza ya mwisho iwe ya maji tamu. Mtungi mmoja wa lita 20 kutoka kwa mwenye mkokoteni unatosha pikipiki nzima ukitumia kopo na sifongo. Wakati wa masika kinga maji ya mvua, hakuna maji bora kuliko hayo.

Mashine ya kuoshea magari kwa presha iepuke kabisa. Maji yake hupita sili za beringi za magurudumu na za shingo ya usukani, yakabaki ndani. Baada ya kuosha, endesha dakika kumi breki zikauke, kisha pulizia dawa ya kuzuia kutu kama ACF-50 kwenye soketi, vichwa vya boliti na sehemu za fremu zisizoonekana. Isiguse diski wala tairi. Turubai la plastiki lisilopumua ni baya kuliko kuacha pikipiki wazi kivulini, kwa sababu unyevu wa usiku unabaki chini yake mpaka saa sita mchana.

Vifaa

Soketi na spana za milimita, spana inayopima nguvu ya kukaza, multimita, geji yako mwenyewe ya upepo, na bisibisi za JIS (kipimo cha Kijapani). Hizi za mwisho wengi huzidharau. Skrubu za msalaba za pikipiki za Kijapani si sawa na za kawaida, na bisibisi ya kawaida huruka na kula kichwa, hasa kwenye kifuniko cha kopo la mafuta ya breki ambako chumvi imeshashika.

Spea si shida kama watu wanavyodhani. Maduka ya bodaboda yana oili ya JASO MA, mafuta ya breki ya DOT 4 na fyuzi. Balbu ya H4 ni ileile ya magari mengi. Beringi ina namba ubavuni, kwa mfano 6204-2RS. Nenda nayo duka la beringi, usitaje pikipiki, usije ukatozwa bei ya "pikipiki kubwa". Grisi isiyotoka kwa maji, waya wa shaba uliopakwa bati na mipira ya joto yenye gundi ndani waulize mafundi wa mashua wa Mtwapa au Kilifi. Wao wanapigana na chumvi hiyohiyo kila siku.

Oili ya injini na ya shafti

FJR1300 inachukua lita 4.0 ukibadilisha na filta, lita 3.8 bila filta. Oili iwe ya JASO MA au MA2, kwa sababu klachi imelowa ndani ya oili hiyohiyo. Oili ya gari iliyotengenezwa kupunguza matumizi ya petroli huifanya klachi iteleze. 10W-40 inatosha, na kwa joto la hapa 20W-50 nayo ni sawa.

Pasha injini dakika tano, simamisha pikipiki kwa stendi ya katikati, mwaga, weka washa mpya. Boliti ya kumwagia kaza 43 Nm (nyutoni-mita, kipimo cha nguvu ya kukaza) na filta 17 Nm. Ukizidisha, nyuzi za alumini hung'oka, na hapo kazi ya saa moja inageuka ya wiki. Pima kiwango kwenye kijidirisha pikipiki ikiwa wima na injini imezimwa dakika chache. Kuzidisha oili si usalama: inapandishwa hadi kwenye boksi la hewa na kulowesha filta.

Badilisha kila mwaka hata kama mita haijasogea. Safari fupi za kuvuka daraja la Nyali kwenda mjini na kurudi hazipashi oili muda wa kutosha kukausha maji yanayojikusanya ndani.

Shafti ina oili yake, lita 0.2 tu. Fungua boliti ya kujazia kwanza, kabla ya kugusa ya kumwagia. Ikiwa imeganda kwa kutu utaligundua hilo oili ikiwa bado ndani. Jaza mpaka ukingo wa tundu, kaza zote mbili 23 Nm. Oili iliyotoka na rangi ya maziwa ina maana maji yamepita sili. Kila tairi la nyuma likitolewa, futa meno ya shafti na uyapake grisi ya molibdenamu.

Cheni

Isafishe kwa mafuta ya taa na brashi laini. Petroli na brashi ya waya huharibu miduara midogo ya mpira inayoshikilia grisi ndani ya kila pini, na grisi hiyo ikishatoka hairudi. Ikikauka, pitisha oili ya gia ya 80W-90 upande wa ndani wa cheni huku ukizungusha gurudumu kwa mkono. Injini iwe imezimwa. Kuna watu wamepoteza vidole kwa kuzungusha gurudumu kwa gia. Ngoja robo saa, futa ya ziada, maana oili iliyobaki nje ndiyo inayobeba mchanga. Rudia kila kilomita 500 hivi na kila baada ya kunyeshewa.

Kuchakaa kunapimwa, hakukisiwi. Cheni za 520, 525 na 530 zote zina umbali wa 15.875 mm kati ya pini na pini, kwa hiyo viungo 20 vya cheni mpya ni 317.5 mm kutoka pini ya kwanza hadi ya 21. Ivute iwe imenyooka, pima sehemu tatu tofauti. Ikifika 319.4 mm mahali popote, ondoa cheni na sproketi zote mbili pamoja. Ulegevu wa VFR800 ni 25 hadi 35 mm. Mashine nyingine hutofautiana sana, soma kibandiko kwenye mkono wa nyuma. Cheni iliyokazwa mno inaua beringi ya shafti ya gia, na beringi hiyo iko ndani ya injini.

Breki

DOT 4 hunyonya unyevu wa hewani. Ikiwa mpya, kiwango chake cha kuchemka hakipungui nyuzi 230. Ikishabeba maji asilimia 3.7, kiwango kinachotakiwa ni nyuzi 155 tu. Namba hiyo ya pili ndiyo unayoteremka nayo Mazeras ukiwa na abiria na masanduku yamejaa. Kitabu kinasema kila miaka miwili. Hapa fanya kila mwaka, masika ikishapita. Nunua chupa ndogo iliyofungwa; iliyofunguliwa mwaka jana itupe hata kama imejaa.

Kabla ya kubadilisha mafuta, safisha pistoni. Kalipa (vifaa vinavyobana diski) za mbele za FJR zimeshikwa na boliti za 40 Nm. Itoe kalipa, ifunge kwa kamba isining'inie kwa mpira wake, toa padi. Weka ubao wa unene wa padi mbili kati ya pistoni, bana wenzo polepole mpaka zitokeze milimita tano hivi. Ziangalie kwa tochi. Sehemu iliyokuwa nje ina ukoko wa kahawia, na huo ukirudishwa ndani bila kusafishwa unashika sili, breki inaburuta, na padi moja inaisha kabla ya mwenzake. Tumia mswaki, sabuni ya vyombo na maji tamu ya vuguvugu. Usitumie petroli, mafuta ya taa wala dawa ya kulegezea kutu, mpira wa sili utavimba. Kausha, paka grisi ya silikoni kidogo sana, rudisha kwa vidole. Kabla ya kusukuma, nyonya mafuta kidogo kwenye kopo kwa sindano yasimwagike. Pistoni moja ikikataa kutoka, zizuie nyingine kwa vipande vya mbao. Ikiwa na vishimo vya kutu, haina dawa, badilisha.

Kutoa hewa: funika tangi kwa kitambaa kilicholoweshwa maji, kwa kuwa DOT 4 inakula rangi. Mpira wa kuonyesha ndani uvae nipeli (skrubu ndogo ya kutolea hewa kwenye kalipa), ncha nyingine izame kwenye chupa. Bana wenzo, fungua nipeli robo, funga, ndipo uachie. Kopo lisishuke chini ya alama ya chini hata mara moja. Endelea mpaka mafuta yatoke safi.

Hapa ndipo wengi hukwama. Kwenye FJR za kuanzia 2006, kanyagio la mguu halishiki nyuma pekee. Linasukuma pia pistoni mbili za kalipa ya mbele kulia. Ukitoa hewa nyuma tu, mafuta ya zamani yanabaki mbele na kanyagio linakuwa laini. VFR800 za kabla ya 2014 na ST1300 zina mfumo uliounganishwa zaidi, wenye nipeli nyingi na mpangilio wake maalumu. Fuata kitabu nipeli kwa nipeli, usibuni. Wenzo ukibaki na ulaini kidogo mwishoni, ufunge kwenye usukani kwa kipande cha tyubu ya baiskeli usiku mzima. Viputo vidogo hupanda juu vyenyewe.

Klachi ya FJR nayo ni ya mafuta hayohayo. Kopo lake husahauliwa, na mafuta yake ndiyo huwa meusi zaidi.

Umeme

Anza na multimita. Betri iliyopumzika usiku kucha isome volti 12.6 hadi 12.8. Injini ikizunguka mara 5,000 kwa dakika, isome kati ya 14.0 na 14.8. Chini ya 13.5, haichaji, juu ya 15, inaikaanga betri. Rekitifaya (kifaa kinachogeuza umeme wa injini kuwa wa betri na kudhibiti volti zake) ndiyo mshukiwa wa kwanza, hasa kwenye VFR800 za zamani ambazo sifa hiyo zinayo duniani kote. Kabla ya kuinunua, chomoa soketi yenye waya tatu za manjano zinazotoka kwenye stata (koili za injini zinazozalisha umeme). Ohm kati ya waya na waya ziwe chini ya moja na zilingane. Kati ya waya yoyote na bodi pasiwe na mawasiliano kabisa. Injini ikizunguka 5,000, kila jozi itoe volti 50 au zaidi za umeme wa AC, zote tatu zikikaribiana. Stata ikipita mtihani huo na betri ni nzima, badilisha rekitifaya. Iliyo bora kwa joto letu ni ya MOSFET, kama FH020AA ya Shindengen, kwa sababu yenyewe haipati moto kama zile za zamani. Ifunge penye upepo, na waya zake mbili za kutoka ziende moja kwa moja betrini kupitia fyuzi ya ampea 30.

Soketi zenyewe zifungue mara moja kwa mwaka. Pini ya kijani ni chumvi: safisha kwa dawa ya kusafishia mawasiliano na brashi ndogo, paka grisi ya silikoni, rudisha. Pini ya kahawia yenye plastiki iliyoyeyuka ni joto: hiyo imeshapoteza mbano wake, kuisafisha ni kupoteza muda, kata uweke soketi mpya. Ukikata, kwangua ganda la waya. Shaba ikiwa nyeusi badala ya nyekundu, endelea kukata nyuma mpaka ufike inapong'aa. Solda haishiki kwenye shaba nyeusi.

FJR za 2006 hadi 2009 zina ugonjwa wao. Waya nyingi za hasi zimekusanywa kwenye viunganishi vidogo vyenye pini nyingi, wenye pikipiki hizi huviita buibui. Pini zake huota kutu, zinapata moto, kisha dashibodi inajizima, taa zinacheza, au injini inakata ghafla. Pwani ugonjwa huu haukosi kufika. Tiba ni kuvua plastiki, kutafuta kila buibui, kuunganisha waya zake zote kwa solda chini ya mpira wenye gundi, na kuongeza waya wa 2.5 mm² kutoka hapo hadi hasi ya betri. Ukimaliza, washa taa zote na pima volti kati ya hasi ya betri na kila kiungo: isizidi 0.1.

Vifaa vya nyongeza (chaja ya simu, taa za ukungu, pampu ya upepo) vipewe boksi lake la fyuzi, likiwashwa na rilei (swichi inayoendeshwa kwa umeme) inayochukua ishara kwenye waya wa taa ya nyuma. Fyuzi kuu ikae sentimita 15 au chini ya hapo kutoka betrini. Kuchomekachomeka kila kitu kwenye nguzo za betri ndiko kunakoua betri za watu wanaosafiri mara moja kwa mwezi. Balbu za LED ndani ya taa iliyoundwa kwa H4 mara nyingi hutawanya mwanga na kumpofusha dereva wa lori anayekuja; rilei mbili na waya mnene kwa balbu ya kawaida ya 60/55 hutoa mwanga zaidi kuliko wengi wanavyotarajia.

Kipoza injini

Nusu kipoza, nusu maji yaliyochujwa ya betri, kila miaka miwili. Maji ya kisima hayana nafasi humo. Kipoza cha Kijapani kisicho na silikati kinafaa. Acha injini iunguruma uani nyumbani mpaka feni iwake na izime yenyewe. Foleni ya feri ya Likoni saa kumi na moja jioni si mahali pa kugundua kwamba haiwaki.

Tairi na springi

Saizi ya FJR1300, VFR800 na Tracer 900 ni 120/70ZR17 mbele na 180/55ZR17 nyuma; ya ST1300 ni tofauti. Upepo wa FJR1300 ni psi 39 na 42, wa VFR800 ni 36 na 42, upimwe alfajiri tairi likiwa baridi. Dukani soma tarakimu nne ubavuni kabla ya kulipa: 2319 ni wiki ya 23 ya 2019. Tairi lililokaa miaka kwenye rafu yenye joto limeshakakamaa. Kwa mashine nzito chukua toleo la GT pale lilipo, kama Michelin Road 5 GT. La kawaida linaingia rimu hiyohiyo lakini linayumba ukiwa na mzigo.

Mirija ya springi za mbele ifutwe chumvi kila wiki. Kishimo kidogo cha kutu kinakata sili na mafuta yanafika kwenye diski. Kijaze kwa gundi kali, kisha sugua taratibu kwa msasa namba 2000 wenye maji mpaka ukucha usikwame. Viungo vya chini ya shokapu ya nyuma vifungue kila miaka miwili na uvijaze grisi ya mashua, maana viwandani huwekwa kidogo mno. Kisha pima kuzama, yaani pikipiki inavyoshuka kwa uzito wako: ninginiza pikipiki, pima kutoka ekseli hadi alama juu yake, keti na mavazi yako ya safari, pima tena. Tofauti ya 35 mm hivi nyuma ni nzuri. Kaza springi kwanza. Ikigoma kufika hapo, ndipo springi mpya inunuliwe.

Maboresho mengine

Mipira ya breki yenye nyavu za chuma ndiyo inayoongoza. Ile ya kiwandani hutakiwa kubadilishwa kila miaka minne, kwa hiyo ni pesa ambayo ungetumia. Kila kiungo kina washa mbili mpya za shaba, na boliti yake 30 Nm. Ukiinua usukani, zungusha mpaka mwisho pande zote mbili uone mipira na nyaya hazivutwi. Kibati kipana chini ya stendi ya pembeni ni rahisi na kinaokoa plastiki za maelfu kwenye mchanga wa Diani. Boliti za chuma kisichoshika kutu zinapendeza, lakini zikiingia kwenye alumini bila grisi ya kuzuia kushikana zinaila nyuzi zake. Vishikio vya kupasha mikono joto waachie wa Limuru.

Vali

FJR1300 hukaguliwa uwazi kati ya vali na kemshafti (fimbo inayozisukuma) kila kilomita 42,000: za kuingiza 0.15 hadi 0.22 mm, za kutoa 0.18 hadi 0.25. Vipimo ni vya injini baridi, kwa hiyo fanya alfajiri, mashine ikiwa imelala usiku kucha kivulini. Pulizia upepo kuzunguka kifuniko kabla ya kukifungua, mchanga usidondoke kwenye matundu ya plagi. Vali ni 16. Andika namba zote kwenye karatasi kwanza, hata zile zilizo sawa, ndipo uamue kama kuna kemshafti inayohitaji kufunguliwa.